Tutunze Ngozi Msimu Huu wa Baridi



Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Kinangop na Ol Kalou hutupasua midomo, mikono na visigino. Wengi wetu hukimbilia maji moto sana na sabuni ya kipande ya kufulia, na hivyo ndivyo vinavyoondoa mafuta ya asili ya ngozi. Ogeni kwa maji ya uvuguvugu, jipanguseni bila kusugua, kisha mjipake mafuta ngozi ikiwa bado ina unyevu, maana kazi ya mafuta ni kuzuia unyevu huo usitoroke. Si lazima yawe ya bei ghali. Hata yale ya kukamulia ng'ombe, ambayo wakulima wetu hujipaka mikononi, yanasaidia.

Ombi langu kubwa ni kwa wenye kisukari na wanaowatunza. Kisigino kilichopasuka ni mlango wa viini, na mguu uliokufa ganzi hauhisi maumivu. Kidonda kikicheleweshwa, mguu unaweza kukatwa. Kagueni nyayo kila jioni, hata katikati ya vidole, ila hapo msipake mafuta. Mkiona ufa unaotoa damu au usaha, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Nendeni zahanati iliyo karibu mara moja.