Sanaa Bila Daftari Hupotea Bila Habari



Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu hutajwa sana na watunza fedha na makarani wa stoo, lakini ni nadra kusikika miongoni mwa wenye dhamana ya utamaduni. Hata hivyo, hakuna mali ipoteayo kwa urahisi kama sanaa. Mali iliyoandikwa ikipotea hutafutwa. Picha au sanamu isiyoandikwa popote ikitoweka, hakuna hata ajuaye kwamba imetoweka.

Mkoa wa Ruvuma una sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani kote, alizaliwa wilayani Tunduru mwaka 1932. Alichora kwa rangi ya kung'aa juu ya vipande vya ubao wa kujengea dari. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka michache tu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipofariki Dar es Salaam mwaka 1972. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni, nao walipoondoka waliondoka na picha zao. Mwalimu wa Tunduru anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kazi ya mkono wa mzaliwa wa wilaya yao atakuta kwa wepesi kazi za wafuasi wake. Lakini picha aliyoichora Tingatinga mwenyewe ni adimu kuipata. Tena, kwa kuwa picha za kughushi zimekwisha uzwa kwa jina lake, hata hiyo itakayopatikana yahitaji ithibati.

Yafaa kulinganisha hali hiyo na ya Sam Ntiro, mchoraji wa Machame aliyekuwa pia balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo iko mbali, lakini imo katika kanzidata ya jumba hilo, na mtu aliyeko Songea mwenye simu yenye intaneti aweza kusoma habari zake. Tofauti baina ya picha hizo si ubora wa sanaa. Tofauti ni daftari.

Kanzidata ya pamoja ni nini basi? Ni daftari moja linaloandikwa na mikono mingi. Kila kazi hupewa namba, jina, msanii, mwaka, malighafi, vipimo, mahali ilipo na picha yake. Jambo kubwa ni kwamba kila taasisi itumie vichwa vya habari vile vile. Makumbusho moja ikiandika "mchoraji" na nyingine ikaandika "mtengenezaji", mashine haitatambua kuwa anayetajwa ni mtu yule yule. Kazi hii, kwa hiyo, huanza kwa watu kukubaliana maneno, na ndipo kompyuta hufuata.

Jirani wa kaskazini ametoa mfano. Kati ya mwaka 2018 na 2021, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho za Frankfurt na Cologne waliunda kanzidata ya vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Viliorodheshwa vitu zaidi ya 32,000. Kabla ya hapo habari hizo zilitawanyika katika makabati ya taasisi nyingi.

Nairobi hiyo hiyo imetoa fundisho jingine, lenye uchungu. Kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa mwaka 1965, ambacho Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alikuwa mmoja wa waasisi wake, kiliungua mwaka 1997. Moto uliteketeza kazi za sanaa na vitabu. Nakala iliyohifadhiwa mahali pawili haizuii moto, lakini huunyima moto neno la mwisho.

Wapo wanaohofia kwamba picha ikiwekwa wazi itaibwa. Hofu hiyo ina msingi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo kumlinda msanii. Lakini orodha yenye jina na tarehe ni ushahidi wake. Anayenyang'anywa kwa wepesi ni yule ambaye jina lake halikuandikwa.

Songea yenyewe inajua gharama ya kumbukumbu iliyokatika. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ukoo wake ungali unalitafuta fuvu la kichwa chake. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika hapa Novemba 2023, aliomba msamaha na kuahidi msaada katika kulitafuta. Fuvu la binadamu si kazi ya sanaa, wala halifai kuhesabiwa pamoja nayo. Lakini mateso ya ukoo huo yanaonyesha jinsi ilivyo vigumu kudai kisichoandikwa.

Haifai, basi, kusubiri mitambo mikubwa. Mwalimu na afisa utamaduni waweza kuanza na daftari la kawaida na kamera ya simu: wachongaji, wafinyanzi na wachoraji wa kata yao, kazi zao, mwaka na malighafi. Sanamu ya shujaa ina habari mbili, ya shujaa na ya fundi aliyeiunda. Hiyo ya pili ndiyo isahaulikayo upesi. Habari hizo ziandikwe kwa Kiswahili, kwa majina ambayo mafundi wenyewe huyatumia. Kanzidata ya Taifa itakapokuja, itakuta kazi imeanza. Isipokuta kitu, itajazwa na watu wa mbali, na mtoto wa Tunduru atakuwa mgeni katika daftari la kwao.