Hotuba ya Mgeni Rasmi: Jina la Askari Liandikwe Sawasawa



Nimeombwa nifungue zoezi la kuandikisha taarifa za askari wa zamani ambao hawakupata medali zao, au ambao vyeti vyao havilingani na kumbukumbu za jeshi. Ni kazi ya makaratasi, na mtu anaweza kuiona ndogo. Mimi naihesabu kuwa deni, na nitaeleza kwa nini.

Wengi wenu mnaifahamu kambi ya Lugalo, Dar es Salaam. Wakubwa kati yetu wanakumbuka kwamba wakati wa Mwingereza iliitwa Colito. Colito ni mahali kusini mwa Ethiopia, ambako tarehe 19 Mei 1941 askari wa Kikosi cha 6 cha Keya (King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki), kikosi cha Tanganyika, walivuka mto wakashambuliwa na vifaru vya Waitaliano. Hawakuwa na silaha za kupambana na vifaru. Sajini mmoja, Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alirukia kifaru kwa nyuma, akafungua mlango wake wa juu na kuwapiga risasi waliokuwamo, isipokuwa dereva. Kisha akaviendea vifaru vingine, na huko akauawa. Kwa ushujaa huo alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya Uingereza. Lakini ilitangazwa Novemba 1945, miaka minne na zaidi baada ya kifo chake.

Maelezo rasmi ya nishani ile yanasema kwamba alipovifuata vifaru vile vya pili alikuwa pamoja na sajini meja wa kombania na askari wawili. Askari wawili, basi. Jina halikuandikwa. Kambi ilipewa jina la pale walipopigana, na baadaye tukaibadilisha ikawa Lugalo, kwa heshima ya Wahehe walioishinda safu ya Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini watu wale wawili walioviendea vifaru kwa miguu, wajukuu wao huenda wako kijijini leo na hawajui lolote. Leakey alicheleweshewa haki yake miaka minne, na hatimaye ikamfikia kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Asiyeandikwa hata hacheleweshewi. Hana foleni ya kusimama.

Ndugu wananchi, katika Vita vya Pili vya Dunia watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, na wa Kenya na Uganda walikuwa wengi kiasi kama hicho. Walipigana Somalia na Ethiopia, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Burma. Kule walishuka bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko, matope hadi magotini, malaria ikiwaangusha wengi, na Desemba 1944 wakafika mto Chindwin. Aliyepigana Burma alistahili medali ya 1939–1945 Star, alistahili Burma Star, alistahili na War Medal. Aliyepigana na Waitaliano Ethiopia alistahili Africa Star. Hizi hazikuwa zawadi za hisani. Zilikuwa na masharti yaliyoandikwa: siku kadhaa mahali fulani, unastahili.

Sasa tatizo liliingia wapi? Liliingia siku ya kwanza kabisa, mezani pa kuandikishwa. Kijana ametoka bara, anazungumza lugha ya kwao, karani ni mtu wa kabila jingine, na afisa ni Mwingereza. Anaulizwa jina, jina la baba, jumbe wake, kabila lake. Karani anaandika alivyosikia. Herufi ya R inakuwa L, silabi ya mwisho inamezwa, jina la jumbe linaandikwa mahali pa jina la ukoo. Wengine walitaja jina la utani, au jina la kaka yao, kwa kuwa umri haukutosha. Akirudi kutoka vitani anabatizwa, au anasilimu, au anarithi jina la marehemu babu yake kama desturi ilivyo. Baada ya miaka thelathini anaitwa jina ambalo halimo kabisa katika daftari la jeshi.

Baba yangu mzazi alikuwa mmoja wao. Alirudi kutoka Burma na cheti cha kuachishwa jeshi chenye jina lililoharibiwa. Alipoandika kuulizia medali zake alijibiwa kwamba hakuna askari wa jina hilo. Akaandika tena akiwa na barua ya mwalimu wa shule, akajibiwa vilevile. Alifariki bila kuzipata. Jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba namba yake ya jeshi aliijua kwa kichwa. Hata alipokuwa mgonjwa, amesahau majina yetu watoto, ukimwambia "namba!" alinyoosha mgongo kitandani akaitaja yote bila kukosea. Wale waliomjibu hawakumwuliza namba hata mara moja.

Ndiyo maana nasema, na naomba viongozi mnisikilize vizuri hapa: askari hapaswi kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa askari. Aliyeliandika jina lake si yeye. Waliompa namba, waliomlipa mshahara, waliompandisha meli bandarini Kilindini na waliompa cheti cha kumwachisha, wote walikuwa na kalamu na karatasi. Yeye alikuwa na bunduki. Karatasi ikikosewa, mwenye karatasi ndiye arekebishe.

Na inawezekana. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani mjini St. Louis liliungua. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea, mengi yakiwa ya askari wa nchi kavu walioacha jeshi kati ya 1912 na 1960. Wamarekani hawakuwaambia wazee wao kwamba poleni, mmeungua. Walianza kuokoa vipande vilivyolowa maji na kuungua kingo, na pale ambapo jalada halipo kabisa wakatafuta hati za malipo ya mwisho, kumbukumbu za hospitali na taarifa za kila siku za vikosi, wakajenga upya historia ya mtu mmoja mmoja. Tena wanazo bodi zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1946, kazi yake ni kusahihisha kumbukumbu za kijeshi zenye makosa au zenye dhuluma. Askari, au mjane wake, anaandika, na bodi inalazimika kumjibu.

Sisemi kwamba huko haki huja haraka. Kapteni Paris Davis, Mwamerika mweusi, alipigana karibu saa 19 huko Bong Son, Vietnam, mwezi Juni 1965, akiwa amejeruhiwa, akakataa kuondoka mpaka awatoe wenzake. Makamanda wake walimpendekeza apewe Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani. Makaratasi yakapotea. Yakaandikwa tena, yakapotea tena. Alivishwa nishani hiyo tarehe 3 Machi 2023, akiwa mzee wa miaka 83. Wenzake wa kikosi walikuwa wameandika ushahidi na kuusimamia kwa miaka mingi. Wazee wangu mliopo, hilo ni fundisho kwenu: ushahidi wa mwenzako wa kombania una uzito. Aandike angali hai.

Kwa upande wetu, Uingereza nayo imeanza kukiri. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyosema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika Vita vya Kwanza bila kukumbukwa kwa jina, na wengine bila kukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Novemba 2023 Mfalme Charles, akiwa makaburi ya Kariokor mjini Nairobi, aliwakabidhi wazee wanne wa Kenya medali mpya badala ya zile walizozitupa miaka ya hamsini. Walizitupa kwa hofu: wakati wa vita vya Mau Mau, kukutwa na medali ya Mwingereza kungeweza kukugharimu maisha. Mtu alinusurika Burma, akazika heshima yake ili anusurike kwao. Nawaomba vijana mlitafakari hilo kabla hamjawahukumu wazee.

Radhi tumeisikia na tumeipokea. Lakini kwa askari wa Keya waliopigana Vita vya Pili muda karibu umekwisha. Mdogo wao leo anakaribia miaka 100. Kwa hiyo nataka tuwatazame walio hai, hapa hapa kwetu, chini ya serikali yetu wenyewe.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Waliokwenda kuyatoa hawakuwa wanajeshi wa Jeshi la Wananchi (JWTZ) peke yao. Walikwenda vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi, askari magereza, na maelfu ya wanamgambo waliotoka moja kwa moja mashambani. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikombolewa. Mwanamgambo aliporudi, alirudisha sare na bunduki, akapanda lori, akarudi kwenye jembe lake. Karatasi yake iko wapi? Wengine wanayo, imeliwa na mchwa. Wengine waliandikwa jina moja wakati wa mafunzo na jingine mpakani. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa anakaribia 70. Kama wajukuu wa Keya wanahangaika leo na herufi zilizokosewa na karani wa mkoloni, wajukuu wa Kagera watamlalamikia nani? Hapa karani alikuwa wetu.

Hivyo natoa maombi yangu. Kwa wenye mamlaka: mzee akija na namba, anzeni na namba, jina lifuate. Mzee akikosa cheti, msimrudishe nyumbani. Fungueni orodha za mishahara, daftari za hospitali, orodha za vikosi, mtafute ninyi. Hati ya kiapo ya wenzake wawili wa kikosi kimoja ipokelewe kuwa ushahidi. Na kila aliyeomba ajibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, apate pa kukatia rufaa.

Kwa familia: leo jioni, fungueni masanduku. Picha yenye beji begani, barua yenye muhuri wa kambi, kitabu cha malipo, hata kovu lililotibiwa hospitali ya jeshi, vyote ni kumbukumbu. Mwulizeni mzee namba yake, kikosi chake, jina la kamanda wake na majina yote aliyowahi kuitwa, mwandike, mweke tarehe, aweke sahihi au dole gumba. Msingoje augue. Na msimlipe mtu yeyote anayedai ana njia ya mkato. Kuandikishwa hapa ni bure.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba zoezi la kuandikisha na kusahihisha taarifa za askari wa zamani limefunguliwa rasmi. Meza ziko chini ya turubai upande wa kulia. Wazee na wajane waanze, vijana wenye kalamu wawasaidie kujaza fomu, na jina la kila mmoja lisomwe kwa sauti mbele yake kabla hajatia sahihi.