Kwa Nini Makaa ya Kahawia Hayasafiri Mbali
Mazungumzo na wanakisomo juu ya biashara ya Ujerumani



Leo tutazungumza juu ya biashara. Siyo biashara ya pamba wala ya kahawa, maana hizo mnazijua kuliko sisi. Tutazungumza juu ya biashara ya makaa ya mawe ya kahawia katika nchi ya Ujerumani. Huenda mmoja wenu atauliza, "Makaa ya Wajerumani yanatuhusu nini sisi wakulima?" Swali hilo ni zuri. Tusikilizane kwanza, halafu jibu tutalitafuta pamoja.

Makaa ya mawe siyo ya namna moja. Yapo meusi, na yapo ya kahawia, ambayo wataalamu huyaita lignaiti. Yote yametokana na miti na majani ya zamani sana, yaliyofukiwa chini ya ardhi. Meusi yalikaa muda mrefu zaidi yakigandamizwa, yakawa magumu na makavu. Ya kahawia bado ni machanga. Ni laini, na yamejaa maji. Huko upande wa magharibi wa Ujerumani, karibu na mto Rhine, ukichimba tani moja ya makaa hayo, nusu yake au zaidi ni maji matupu.

Kwa miaka mingi Ujerumani iliongoza dunia nzima kwa kuchimba makaa ya kahawia. Mwaka 1985, wakati nchi hiyo ikiwa bado imegawanyika, Ujerumani ya Mashariki peke yake ilichimba zaidi ya tani milioni 300. Mwaka 2023 Ujerumani iliyoungana ilichimba tani milioni 102 hivi. Mtu angedhani kwamba nchi yenye shehena kubwa namna hiyo hujaza meli na kuuza kila mahali. Sivyo hata kidogo! Makaa mabichi ya kahawia hayauzwi nje ila kidogo sana. Tena hayanunuliwi kutoka nje ila kidogo sana. Kwa nini?

Basi tupige hesabu. Kilo moja ya makaa haya ya kahawia hutoa kama theluthi moja tu ya moto unaotolewa na kilo moja ya makaa meusi mazuri. Maana yake, pale unapohitaji gunia moja la makaa meusi, utahitaji magunia matatu ya kahawia. Lakini mwenye treni hakutozi nauli kwa kutazama moto. Anakutoza kwa uzito. Kwa hiyo ukisafirisha makaa ya kahawia, unalipa nauli ya makaa, halafu unalipa na nauli ya maji. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo faida inavyoyeyuka. Isitoshe, makaa hayo yakianza kukauka hupasuka na kuwa vumbi, na yakirundikwa vibaya huweza kuwaka yenyewe.

Wajerumani walifanyaje? Walitumia njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kupeleka mtambo kwenye makaa, badala ya kupeleka makaa kwenye mtambo. Vituo vya kufua umeme, kama Neurath na Niederaussem upande wa magharibi, na Jänschwalde na Boxberg upande wa mashariki, vilijengwa jirani na machimbo. Makaa hutoka shimoni kwa mikanda ya mashine au kwa reli fupi, yakaingia katika tanuri. Katika kila sehemu kumi za makaa yanayochimbwa, kama tisa huishia huko. Kinachosafiri ni umeme, na umeme hauna uzito wala maji. Hupita katika nyaya mpaka nchi jirani. Toka mwaka 2003 mpaka 2022, kila mwaka Ujerumani iliuza nje umeme mwingi kuliko ilioununua, na sehemu ya umeme huo ilitokana na makaa ya kahawia. Mwaka 2023 mambo yaligeuka: nchi hiyo ilinunua umeme mwingi kuliko iliouza.

Njia ya pili ni kuyakausha. Makaa husagwa, hukaushwa, halafu hushindiliwa kwa mashine yenye nguvu nyingi mpaka yawe kama matofali madogo. Matofali hayo huitwa briketi. Kwa kuwa maji mengi yameondolewa, yanaweza kusafiri. Zamani Ujerumani ya Mashariki iliuza briketi kwa ndugu zao wa Magharibi ili kupata fedha za kigeni.

Sasa tazameni upande wa kununua. Kituo cha Arzberg, katika jimbo la Bavaria, kiliwahi kuchoma makaa ya kahawia yaliyotoka Chekoslovakia. Je, hiyo haikuwa safari? Ilikuwa safari, lakini ya jirani kwa jirani, kwa kuwa Arzberg iko karibu na mpaka. Makaa meusi ni habari nyingine. Ujerumani ilifunga mgodi wake wa mwisho wa makaa meusi Desemba 2018, huko Bottrop. Tangu hapo makaa meusi yote inayotumia yametoka nje, mengine yakivuka bahari kutoka Kolombia, Marekani na Afrika ya Kusini. Haya, mmeona? Nchi ni moja, lakini makaa makavu huvuka bahari, na yale yenye maji hayaendi mbali na shimo lake.

Ndugu zetu, hesabu haijaisha. Kitu kisichosafiri huacha mzigo wake wote pale pale. Umeme huenda mjini na ng'ambo, lakini shimo hubaki, vumbi hubaki, na watu huhamishwa. Machimbo haya ni ya wazi: ardhi yote ya juu huondolewa, pamoja na mashamba, makanisa na makaburi. Katika eneo la Lusatia, mashariki ya Ujerumani, vijiji zaidi ya mia moja vilibomolewa, na vingi vilikuwa vya Wasorbi, watu wachache wenye lugha yao wenyewe. Januari 2023 polisi waliwaondoa wapinzani wa machimbo katika kijiji cha Lützerath, kikabomolewa. Mwaka 2020 Ujerumani ilipitisha sheria ya kuacha makaa ifikapo mwaka 2038, na upande wa magharibi uamuzi ulifanywa wa kuyaacha mapema, mwaka 2030. Serikali iliahidi mpaka bilioni 40 za yuro kusaidia maeneo ya machimbo kupata kazi nyingine. Fedha ni nyingi, lakini kijiji kilichobomolewa hakirudi.

Sasa turudi kwenye lile swali. Yanatuhusu nini? Mhogo mbichi nao una maji mengi, zaidi ya nusu ya uzito wake. Anayeupakia mbichi kwenye lori kwenda soko la mbali anasafirisha maji, kama vile mwenye makaa ya kahawia. Tena mhogo huo huanza kuharibika baada ya siku mbili au tatu. Mnunuzi anajua hivyo, kwa hiyo humkalia mkulima mpaka bei ishuke. Lakini anayemenya, akakausha na kupata makopa, ameondoa maji nyumbani kwake bila nauli. Anaweza kungoja bei. Mwenye uwezo wa kungoja halazimishwi.

Na endapo atakuja mtu kijijini kutaka ardhi ya kuchimba chochote, msiulize bei peke yake. Ulizeni: kipi kitasafiri, na kipi kitabaki kwetu? Mwulizeni mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na majibu yaandikwe. Ninyi sasa mnajua kusoma. Someni kabla ya kutia sahihi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni mazao gani hapa kwetu huuzwa yakiwa na maji mengi?
2. Gunia moja la mhogo mbichi likikaushwa hutoa kilo ngapi za makopa? Pimeni wenyewe, mwandike.
3. Nauli kutoka hapa mpaka sokoni ni kiasi gani kwa gunia? Katika nauli hiyo, ya maji ni kiasi gani?