Nyanya Zetu na Mali Iliyolala Udongoni
(Maneno ya Kamati ya Fedha kwa wanaumoja waishio Dar es Salaam)



Kila mwaka sisi wa Kamati ya Fedha tunasimama mbele yenu kusoma mapato na matumizi. Safari hii tunaanza na kosa letu wenyewe. Fedha mlizochangia kwa ajili ya bustani za nyanya kule nyumbani Mpanda tulizimaliza zote kwa kununua mbolea ya dukani. Msimu ule nyanya zilikubali. Msimu uliofuata mbolea ilikwisha, akaunti ilikuwa tupu, na akina mama wa vikundi wakaanza kutupigia simu upya. Tuliwasaidia mara moja, hatukuwaachia kitu.

Ndiyo maana leo tumekuja na jambo la mikoriza. Jina hilo lilitolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, lakini chenyewe kimo ardhini kwetu tangu enzi. Ni kuvu zinazoishi kwenye mizizi. Sote tumekula uyoga wa masika kutoka porini. Aina nyingi za uyoga ule huzaliwa na kuvu zinazoshirikiana na mizizi ya miombo. Nyanya nayo ina kuvu zake, za ukoo mwingine, zisizotoa uyoga na zisizoonekana vizuri ila kwa hadubini.

Mmea huzipa kuvu sukari. Kuvu nazo hutandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, hadi pale mzizi usipofika, na kuuletea mmea fosforasi. Fosforasi tunayoinunua kwenye DAP haitembei sana udongoni. Katika udongo mwekundu, nyingi hunaswa na madini ya chuma ikabaki palepale. Tumeilipia, iko shambani, mmea hauipati. Sisi wahasibu tunaiita mali iliyolala.

Hatutaki kuwauzia ndoto. Kuvu hazitengenezi mbolea. Zinachota akiba iliyopo, kwa hiyo samadi lazima iendelee kurudi shambani. Ukizidisha mbolea ya fosforasi, ushirika huo hufifia. Ukitifua udongo mara kwa mara, nyuzi hukatika. Na kabichi haishirikiani nazo. Anayetaka kuzitunza azungushe nyanya na mahindi, mtama au maharage.

Kuvu hizi zinaweza kuzalishwa kijijini. Huchukuliwa udongo wenye mizizi ya nyasi kutoka mahali pasipolimwa, ukachanganywa na mchanga uliopikwa kwa mvuke, ukapandwa mtama ndani ya ndoo kwa miezi mitatu au minne, kisha ukaachwa ukauke. Mtama tumeuchagua kwa sababu hauchangii magonjwa mengi na nyanya. Baada ya hapo mizizi hukatwakatwa, ikachanganywa na udongo uleule, na kiasi kidogo huwekwa chini ya mbegu au mche kitaluni, pale mzizi utakapopita.

Mpango wetu ni huu. Kwanza, udongo upimwe. Pili, kila kikundi kitenge matuta mawili: moja lipate mbolea kama kawaida, la pili lipate nusu ya DAP pamoja na kuvu. Tatu, kila debe linalovunwa liandikwe kwenye daftari. Mwakani tutawasomea hapa matokeo ya matuta yote mawili na gharama zake, hata yakitukatisha tamaa. Tuta la pili likishindwa, tutakuwa tumepoteza tuta moja, si shamba zima.

Ndugu zetu, tunaomba kila mwanaumoja achangie bei ya mfuko mmoja wa mbolea. Safari hii fedha hiyo itanunua vipimo vya udongo, ndoo, mchanga na mafunzo, vitu vitakavyobaki mikononi mwa akina mama wale mbolea itakapopanda bei tena.

Daftari la ahadi liko mezani.