Kitufe Kimoja na Pesa za Kikundi

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo: kitufe cha kompyuta. Ni kidogo, lakini nusura kivunje kikundi kimoja tunachokitembelea.

Mweka hazina wa kikundi hicho ni mama asiyeona. Anaandika michango kwa kompyuta akitumia NVDA, programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Programu hii ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na inatolewa bure. Mama huyu hatumii mausi. Kila kazi anaifanya kwa vitufe. Kwake, vitufe ndivyo macho.

Ili kusikia saa, alibonyeza Insert na F12. Katika kompyuta yake ndogo, F12 nayo inataka kitufe cha tatu, na vidole vyake vinamsumbua. Kijana mmoja akamhurumia. Akaingia kwenye NVDA, akamwekea njia fupi: Control na S. "S ni ya saa, mama, hutasahau." Sisi pia tuliiona siku hiyo, tukamsifu kijana.

Kumbe Control na S ndiyo njia ya kuhifadhi kazi! NVDA inakaa kama bawabu mlangoni: kila kitufe kinapita kwake kwanza. Kikiwa na kazi kwake, anakizuia, hakifiki tena kwenye programu ya hesabu. Mama alibonyeza, akasikia saa, akadhani na kazi imehifadhiwa.

Siku ya mkutano stima ikapotea, na betri ilikuwa imekufa zamani. Michango yote ya siku hiyo ikafutika. Minong'ono ikaanza: "Pesa zimeliwa." Wengine wakasema kazi hiyo apewe mwenye macho.

Tulikaa nao siku mbili, tukilinganisha vitabu vya wanachama na pesa zilizokuwa sandukuni. Hata shilingi moja haikupungua. Yaliyopotea ni maandishi, na jina la mama wa watu lilikuwa karibu kuyafuata.

Basi, mkitaka kubadilisha vitufe vya NVDA, fuateni haya:

1. Anzeni kwa kubonyeza Insert na 1. Hapo kila kitufe mtakachobonyeza kitatajwa, pamoja na kazi yake katika NVDA. Bonyezeni tena Insert na 1 kumaliza. Lakini angalieni: kitufe kisipotajiwa kazi, si lazima kiwe huru. Huenda ni cha programu ya hesabu. Kijaribuni huko pia.

2. Katika njia mpya, wekeni Insert pamoja na herufi isiyo na kazi. Insert ni ufunguo wa NVDA yenyewe, kwa hiyo ni vigumu kugongana na programu nyingine.

3. Kabla ya kufungua orodha ya amri, simameni kwanza kwenye kazi mnayotaka kuibadilishia vitufe. Orodha inaonyesha tu amri zinazofaa mahali mlipotoka. Wengi wanaikosa amri, wanadhani programu imeharibika.

4. Mkiisha kuongeza kitufe, malizeni kwa kukubali. Mkifunga orodha bila kukubali, hakuna kilichobadilika.

5. Mkikwama, bonyezeni Insert na F2, halafu kitufe chenyewe. NVDA itakiacha kipite mara hiyo moja. Baadaye ifuteni ile njia mbaya katika orodha.

6. Andikeni mabadiliko kwenye daftari la kikundi, na mwenye kompyuta ajaribu mwenyewe mbele yenu, ahifadhi, afunge, afungue tena.

Mama yule angali mweka hazina. Saa yake iko kwenye Insert na herufi aliyoichagua yeye, na kijana ndiye anayemwandikia stakabadhi za karatasi kila mkutano. Ndugu zetu, msaada bila kuuliza ni mzigo kwa anayesaidiwa. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadiliana:
– Katika kikundi chetu, nani amebadilishiwa kazi yake bila kuulizwa?
– Hesabu zetu zimeandikwa mahali pangapi?
– Kukitokea kosa, tunatafuta chanzo kwanza, au tunatafuta mtu wa kulaumu?