Tembe la Kwihara

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu wa Kabezi, apitaye njia ya Mugere hulijua lile jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Hapo walipita tu. Nyumba waliyokaa ipo Kwihara, karibu na Tabora. Waliwasili huko tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi, na Livingstone alingoja wapagazi kutoka pwani mpaka tarehe 25 Agosti.

Nyumba hiyo ni tembe la Waarabu wa biashara. Kuta zake ni za udongo, nene kabisa. Dari ni ya boriti, na juu yake umeshindiliwa udongo, likawa paa la bapa. Mbele ipo baraza, na mlango una nakshi kama milango ya Unguja. Vyumba vimeuzunguka ua wa ndani. Na autazame mwenye akili mpango huo: mgeni hukomea barazani, na watu wa nyumbani wana ua wao, hawachunguliwi na mpita njia. Zama zilikuwa za Malkia Victoria, lakini adabu ya nyumba haikutoka kwake.

Udongo, tena, hauwaki. Mwezi Agosti 1871 Mirambo alipoishambulia Tabora na kuichoma, Stanley alikuwa katika tembe hilo. Akatoboa matundu ukutani ya kupitishia bunduki, akangoja. Vita havikufika mlangoni.

Adui za tembe ni mvua na mchwa. Paa lisipotazamwa kila mwaka maji hupenya, boriti huoza, ukuta huanguka. Tembe la Kwihara nalo lilibidi kujengwa upya, na leo ni makumbusho.

Lakini laitwa Tembe la Livingstone! Mgeni wa miezi sita ndiye mwenye jina. Fundi aliyeshindilia paa na aliyechonga mlango hawatajwi. Hilo si dogo, kwa maana kutoka Kabezi hata Rumonge nyumba za udongo za wazee zaporomoka vivyo hivyo, pamoja na majina yao. Basi kila nyumba kongwe iliyosalia iandikwe katika daftari la jamaa: mwenyewe nani, fundi nani, na mlango ulichongwa wapi. Wazee waulizwe wangali hai. Kazi yaweza kuanzwa Ijumaa, baada ya sala.