Masikio ya Mwendesha Posho Mili

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Vikundi vyetu vingi vimenunua posho mili. Ni kazi nzuri. Akina mama hawatembei tena mbali na debe la mahindi kichwani, na kikundi kinapata senti za karo. Lakini leo tuongee juu ya yule kijana tuliyemwajiri kuendesha mashine kutwa nzima.

Watu husema, "Huyu siku hizi ana madharau. Ukimwita hageuki." Ngojeni kidogo. Pengine si madharau.

Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana. Hivyo hupokea sauti na kuipitisha kwenye mshipa wa fahamu mpaka kwenye ubongo. Kelele kali huviua, na vikifa havioti tena. Lakini kuna hasara nyingine iliyojificha. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walieleza habari za panya waliowekwa kwenye kelele. Baada ya siku kadhaa walionekana wamepona, na vinywele vilikuwa vizima. Kumbe katika sehemu moja ya sikio, karibu nusu ya maungio ya vinywele na mshipa yalikuwa yamepotea.

Basi hata mtu aweza kupimwa kwenye chumba kimya akaambiwa yuko sawa, lakini akiwa sokoni au mkutanoni asikie sauti tu, maneno yasishike.

Tutamtambuaje? Muulizeni hivi, kwa upole:

1. Ukitoka kazini masikio yanalia, au yanakuwa kama yamezibwa?
2. Tukiongea wawili unaelewa, lakini watu wakiwa wengi unapotea?
3. Unauliza "Eti?" mara kwa mara, au unatazama midomo ya watu?

Akijibu ndiyo hata kwa moja, aende kliniki ya masikio katika hospitali ya kaunti. Amweleze daktari kazi anayofanya, na kwamba shida ni kuelewa maneno penye kelele. Asipoyataja hayo, kipimo cha kawaida chaweza kuipita shida yake.

Mashine nayo ipimwe. Simameni kando yake wawili, umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ndio msikizane, kelele hiyo inadhuru. Pengine imepita desibeli 85.

Tena tukumbuke, kikundi ndicho mwajiri. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini zinasema mfanyakazi asizidishiwe desibeli 90 kwa saa 8 za kazi, na kelele ikipita 85 mwajiri awe na mpango wa kumkinga.

Kwa hivyo, kabla ya kugawana faida, nunueni vifuniko vya masikio. Pamba haitoshi. Ekzosi iliyotoboka itengenezwe, na waendeshaji wapokezane zamu. Mashine ikiharibika tutanunua spea. Sikio halina spea.